Shajara ya mradi: shimo moja la gofu lenye bwawa, kiungani mwa Mikindani

Juni 2024: Kwa nini shimo moja tu

Sisi tunaocheza gofu hapa Mtwara ni wachache, na karibu wote tulijifunzia Dar es Salaam, baadhi yetu tukiwa makedi, yaani wabeba fimbo wa wachezaji. Mwaka ujao, mwezi Septemba, tumealikwa kucheza katika uwanja wa hoteli ya kitalii ambao sifa yake kubwa ni mabwawa: kila anayerudi kutoka huko husimulia mipira aliyoiacha majini kabla hajasimulia alama zake. Kwa kuwa hatuna mahali pa kujizoeza baada ya kazi, tumeamua kujenga mahali hapo wenyewe, na shajara hii inawekwa ili yeyote mwenye kipande cha ardhi pwani ya kusini aweze kuuiga mradi, au walau akwepe gharama ambazo sisi tumekwisha kuzilipa.

Wazo la kwanza lilikuwa mashimo matatu (katika gofu, shimo ni njia nzima kutoka mahali pa kuanzia hadi kwenye tundu). Liliachwa mapema, kwa sababu tulipoitazama picha ya setilaiti ya uwanja ule na kuipima kwa kipimo kilichomo katika programu yenyewe, tuliona kwamba shida inayojirudia ni moja: mpira unapigwa kutoka kwenye tii, yaani mahali pa kuanzia, unavuka maji, na unatakiwa utue kwenye grini, eneo lililolainishwa kuzunguka tundu, iliyo karibu sana na ukingo wa mbali. Shimo tulilolichagua lina urefu wa mita 140 hivi, na ukingo wa mbali wa bwawa lake uko mita 128 kutoka kwenye tii. Hizo mita 128 ndizo tunazozijenga. Bwawa la hoteli ni pana mno, lakini mpira haupimi upana wa maji. Ukitua mita moja kabla ya ukingo wa mbali umezama, liwe bwawa la mita 30 au la mita 8. Kwa hiyo inatosha kuchimba bwawa jembamba mbele ya grini na kuirudisha tii nyuma hadi umbali utimie. Uamuzi huo ndio uliotuwezesha kuanza.

Mahali tulipopata ni shamba la zamani la mikorosho ambapo miti iliyozeeka ilikwisha kung'olewa. Mzee mwenye shamba hakudai kodi. Alisema tu, "Wanangu, chimbeni, siku mkichoka na mchezo wenu, mimi nitafugia samaki." Kufyeka, kununua kamba na kuchonga vigingi kumegharimu shilingi 85,000.

Agosti 2024: Turubai badala ya maji

Kabla ya kuchimba tulijaribu njia ya bei nafuu. Tulitandika turubai la buluu la shilingi 120,000 mahali ambapo bwawa lingekuwa, tukapiga mipira kuelekea ng'ambo yake. Umbali ulikuwa sahihi, upepo ulikuwa wa kweli, na kazi haikusaidia kitu. Mpira ulioanguka kwenye turubai uliokotwa na kupigwa tena, hivyo hakuna aliyebadilisha fimbo wala lengo. Kila mmoja aliendelea kuchagua fimbo kwa kukumbuka mkwaju wake bora kabisa, ule unaotokea mara moja katika jioni nzima, kwa sababu kukosea hakukumgharimu chochote. Mpira uliotumika, tunaoagiza kutoka Dar es Salaam, unatufikia kwa shilingi 3,000. Ukizama, mtu ameupoteza, na hilo hubadilisha jinsi anavyosimama juu ya mpira unaofuata. Turubai sasa linafunika mchanga wa ujenzi.

Oktoba 2024: Kuchimba, udongo wa mfinyanzi, na brauni

Bwawa lina urefu wa mita 18, upana wa mita 8 kwa kufuata mstari wa mchezo, na kina cha mita 1 katikati, likiwa na kingo zenye mteremko. Vijana waliochimba kwa majembe na sepetu walilipwa kwa mita ya ujazo, shilingi 7,000, na ujazo uliotoka ulifika mita 110, yaani shilingi 770,000. Juu kuna mchanga. Chini yake, upande wa kaskazini, walikuta vipande vya mawe ya matumbawe vyenye ncha kali. Mawe hayo yakumbukwe, maana yatarudi.

Mchanga mzuri haukutupwa. Shimo mashuhuri kuliko yote ya maji duniani, la 17 kwenye uwanja wa TPC Sawgrass katika jimbo la Florida, Marekani, lilizaliwa kwa njia iyo hiyo: msanifu Pete Dye alichimba mchanga mzuri mahali pale kwa ajili ya sehemu nyingine za uwanja hadi likabaki shimo kubwa, na mkewe, Alice Dye, ndiye aliyependekeza lijazwe maji na grini iwe kisiwa. Sisi hatukuwa na haja ya kisiwa, ila mantiki ni ileile: kinachotoka bwawani kinajenga kitakacholengwa.

Grini ya majani hatukuifikiria. Hapa mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na kumwagilia majani mafupi miezi mingine yote ni anasa mahali ambapo maji ya ndoo hununuliwa. Tulijenga brauni, yaani grini ya mchanga ulioshindiliwa. Anayeidharau akumbuke kwamba Pinehurst namba 2, uwanja unaoheshimiwa sana huko North Carolina, ulikuwa na grini za mchanga hadi mwaka 1935. Brauni yetu ni duara la kipenyo cha mita 10 lenye mchanga wa sentimita 5, na tuliuchanganya na oili chafu ya magari, lita 60 kwa shilingi 60,000, kwa sababu ndivyo brauni nyingi zilivyotengenezwa zamani ili upepo usipeperushe mchanga.

Tundu lenyewe lilikuwa na fumbo lake. Kanuni zinataka kipenyo cha milimita 108, na kikombe kinachowekwa ndani kisizidi kipimo hicho kwa nje, huku kikizama angalau milimita 25.4 chini ya uso. Bomba la plastiki linaloitwa la inchi nne madukani lina milimita 110 kwa nje. Fundi bomba wetu alilipasua kwa urefu, akaondoa utepe wa milimita 6 na kidogo, akalipasha juu ya mkaa na kulifunga kwa waya hadi likapoa. Kwa kuwa mzingo hupungua kwa mara 3.14 ya upungufu wa kipenyo, utepe huo ndio hasa unaoondoa milimita 2. Bomba liligharimu shilingi 15,000, na kimebaki kipande cha kutosha vikombe vingine.

Ili maji yasipotee, tulileta malori manne ya udongo wa mfinyanzi kwa shilingi 90,000 kila moja, tukautandaza na kuushindilia kwa miguu na kwa pipa lililojazwa maji. Jumla ya mwezi huu ni shilingi 1,205,000.

Januari 2025: Mvua yafichua mambo mawili

Mvua za Desemba zilijaza bwawa hadi nusu. Baadaye kulipopita siku kadhaa bila mvua, maji yalipungua kwa kasi iliyotutia shaka, na ubishi ukazuka kama ni jua au ni kuvuja. Ubishi wa namna hii huamuliwa na ndoo. Ndoo yenye maji husimamishwa ndani ya bwawa, ikatiwa alama kwenye usawa wa maji ndani yake, na alama nyingine ikawekwa kwenye kijiti kilichochomekwa bwawani. Jua hunywa sehemu zote mbili kwa kiwango kinachokaribiana; kinachozidi upande wa bwawa kimepita chini. Maji ya bwawa yalishuka kwa kiganja kizima wakati ya ndoo yameshuka kwa upana wa kidole.

Sababu ilionekana maji yalipokwisha. Udongo wa mfinyanzi ulikuwa na unene usiofanana, na mahali pengi haukufika sentimita 10, ilhali kwenye ardhi ya mchanga tabaka linalotegemewa huwa la sentimita 30 lililoshindiliwa likiwa na unyevu, safu kwa safu. Kingo zilizobaki wazi juani zilikwisha kupasuka, na kila ufa ulifika mchangani. Kufikia unene unaotakiwa kungehitaji malori mengi zaidi, na kingo zingepasuka tena kila kiangazi. Njia hiyo tumeiacha.

Jambo la pili lilikuwa zito kuliko hilo. Mvua kubwa iliiosha brauni, na juu ya maji ukaonekana utando wenye rangi za upinde wa mvua. Jirani anayechunga mbuzi aliwazuia mifugo wake wasinywe, akaja kutuuliza kwa upole tumemwaga nini. Oili ya injini iliyotumika hubeba mabaki ya metali na kemikali za mwako. Mahali pakavu mbali na maji huenda isilete kelele, lakini brauni iliyo mita chache kutoka bwawani, juu ya mchanga unaopitisha kila kitu kuelekea visimani, haiwezi kutiwa oili. Mchanga wote uliondolewa. Gereji moja iliuchukua kuujaza chini ya sakafu ya zege, lakini lori tulilipa sisi, shilingi 80,000.

Badala yake tulichanganya mchanga safi na udongo wa kichuguu uliosagwa na kuchekechwa, ule unaotumika pia kwa sakafu za nyumba na viwanja vya tenisi, sehemu moja ya kichuguu kwa tatu za mchanga. Mchanganyiko hunyunyiziwa maji kidogo, hushindiliwa kwa pipa, kisha hulainishwa kwa kuburuza gunia. Hudumu wiki mbili hadi tatu kiangazi kabla ya kudai kazi tena. Gharama ni shilingi 70,000, na mpira hutembea juu yake vizuri kuliko ulivyotembea juu ya oili. Hakika tungeanza hapa.

Februari 2025: Nailoni na magunia ya korosho

Mvua ilipopumzika kwa muda tuliifanya kazi hii haraka. Nailoni nyeusi nzito, ile inayotandikwa chini ya sakafu za nyumba, hupimwa hivi: urefu wa bwawa jumlisha kina mara mbili jumlisha nusu mita kila upande ya kufukia, na vivyo hivyo kwa upana. Kwetu ni mita 21 kwa 11, yaani mita za mraba 231, kwa shilingi 3,200 kila moja: shilingi 739,200. Karatasi maalumu za mabwawa ya samaki, zinazounganishwa kwa joto, ni imara zaidi na zinashinda kwa kudumu, ila bei yake ilizidi mfuko wetu mara kadhaa.

Hapa ndipo mawe ya matumbawe yaliporudi. Kipande cha majaribio tulichokitandika upande wa kaskazini na kukikanyaga kilitoboka papo hapo. Mawe yaliyotokeza yaling'olewa, mchanga laini ukatandazwa, na juu yake yakapangwa magunia ya katani ya korosho yaliyochakaa, yaliyopasuliwa pembeni ili yatandike mapana. Katika mji huu magunia hayo si haba baada ya msimu. Mia moja yalipatikana kwa shilingi 100,000. Udongo wa mfinyanzi uliobaki chini nao umesaidia kuwa kitanda laini, kwa hiyo fedha yake haikupotea yote.

Maungio ya nailoni yalikunjwa pamoja mara mbili na kubanwa kwa utepe wa kuzuia maji, shilingi 45,000. Kingo zote zilifukiwa kwenye mfereji, kisha nailoni nzima ikafunikwa kwa udongo wa sentimita 20, kwa sababu jua la pwani huikausha plastiki tupu hadi ikakatika kama karatasi. Vibarua walilipwa shilingi 150,000. Mfereji wa kuleta maji ya mvua kutoka mteremko wa barabara uliwekewa shimo dogo la kutuliza mchanga kabla ya kuingia bwawani, na shimo hilo lisafishwe baada ya kila mvua kubwa, la sivyo bwawa litajaa mchanga badala ya maji.

Mei 2025: Maji yamekaa, mbu wamekuja

Mvua za Machi na Aprili zililijaza bwawa. Kipimo cha ndoo kimerudiwa, na sasa bwawa na ndoo hushuka karibu sawasawa. Tumeridhika.

Mwenyekiti wa mtaa alifika kabla hatujamaliza kufurahi. Maji yaliyotulia ni mazalia, na huku malaria si hadithi; viluwiluwi walikwisha kuonekana kwenye majani ya ukingoni. Alitaka jibu la kazi, si la maneno, na alikuwa na haki. Tulitia vifaranga 200 vya perege kwa shilingi 40,000, tukafyeka kingo zote zibaki wazi, kwa sababu viluwiluwi hujificha kwenye majani mahali samaki wasipofika, na tukaweka zamu ya kukagua kila wiki kwa kata nyeupe ya plastiki, ambamo viluwiluwi huonekana kirahisi. Muda kati ya yai na mbu mzima huweza kupungua hadi siku kumi hivi katika joto letu, kwa hiyo ukaguzi wa mara moja kwa mwezi ni sawa na kutokagua. Asiye na watu wa kushika zamu hii asichimbe bwawa.

Jumla ya matumizi tangu mwanzo ni shilingi 2,634,200. Ukiondoa turubai, oili na lori la kuondolea mchanga wake, na udongo wa mfinyanzi, mtu anayeanza leo kwa kipimo hiki angeokoa takribani shilingi 620,000.

Julai 2025: Mazoezi, upepo na vigingi

Maji ya kweli yalifanya kazi ambayo turubai lilishindwa. Mpira wa gofu hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93 wala kuwa na kipenyo chini ya milimita 42.67, na kwa vipimo hivyo huwa mzito kuliko maji ya bahari, sembuse ya mvua. Unazama moja kwa moja. Mingi huopolewa kwa wavu wa mpini mrefu, lakini kuingia kwa miguu kumepigwa marufuku kwa ajili ya nailoni.

Kila mchezaji alipiga kwa kila fimbo na mwandishi akaandika mahali mpira ulipogusa ardhi kwanza, si uliposimama. Kisha namba zilipangwa kutoka fupi hadi ndefu na ile ya katikati ikachukuliwa. Karatasi hizo zilileta ukimya. Mwenzetu mmoja, mwalimu, aliyekuwa akiapa kwamba fimbo ya chuma namba 7 humfikisha mita 135, aligundua kwamba namba yake ya katikati ni 121, na kwamba mipira yake mingi iliyozama ilizama kwa sababu hiyo tu. "Kumbe bwawa halinionei," alisema. Sasa huchukua namba 5, inayopeleka mpira mbali zaidi, na huvuka. Ubaya wa kupita grini kwa mita kumi ni mkwaju mmoja wa kurudi. Ubaya wa kufika pungufu ni mpira, adhabu, na mkwaju uleule kupigwa tena.

Kusi, inayovuma miezi hii, ilitufundisha kwamba upepo wa mbele hupunguza umbali zaidi ya ule ambao upepo wa nyuma huuongeza. Tulijaribu kanuni ya kuongeza fimbo moja, yaani kuchukua ile inayofuata kwa kupeleka mbali, kwa upepo wowote wa mbele, nayo haikutosha alasiri kusi inaposhika kasi. Fimbo mbili, na mkwaju wa taratibu usiouinua mpira juu sana, ndiyo dawa iliyofaulu.

Vigingi vilipakwa njano, na kanuni zikafanyiwa mazoezi kama mikwaju. Tangu mwaka 2019 kanuni huita sehemu hizi eneo la adhabu. Penye vigingi vya njano, kwa adhabu ya mkwaju mmoja, mchezaji anaweza kurudi alipopigia, au kwenda nyuma kwenye mstari unaounganisha tundu na mahali mpira ulipokatiza ukingo mara ya mwisho, na kuudondosha mpira kutoka usawa wa goti. Vigingi vyekundu huongeza njia ya tatu: kudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka mahali ulipokatiza, pasiwe karibu zaidi na tundu. Tuliona kwamba wengi wetu tulikuwa tukikimbilia kwenye ukingo wa maji kudondosha, hata pale ambapo kurudi nyuma kwenye mstari hadi umbali wa mkwaju kamili wa weji, fimbo ya umbali mfupi, kungekuwa rahisi zaidi. Mpira unaodondoshwa karibu hivyo na maji hudai mkwaju wa nusu, na mkwaju wa nusu ndio unaowatia hofu wasio na uzoefu.

Septemba 2025: Uwanja wa hoteli

Tulicheza raundi mbili. Kwenye shimo tulilolinakili kila mmoja alivuka maji katika raundi ya kwanza, na katika ya pili alizama mmoja tu, aliyebadilisha fimbo akiwa amekwisha kusimama juu ya mpira. Grini za majani zilitushinda kidogo, kwa kuwa mpira huenda mbali zaidi kuliko kwenye brauni, na hilo hatuna namna ya kuliiga hapa.

Mipira tuliyoipoteza ilipotelea mahali pengine: kwenye mashimo marefu ambayo maji yanafuatana na njia upande wa kushoto, kwa vigingi vyekundu. Bwawa letu lilitufundisha kuvuka, halikutufundisha kukwepa. Mtu aliyezoea kuyatazama maji mbele yake huyatazama hata yanapokuwa pembeni, na mpira hufuata jicho.

Marekebisho yamekwisha kuanza na hayahitaji kuchimba. Tii ya pili imewekwa mashariki mwa bwawa, ili urefu wake wa mita 18 ukae kushoto mwa mstari wa mchezo, na brauni ilengwe kutoka mita 110 kwa lengo la kulia kwake. Vigingi vya upande huo vimepakwa rangi nyekundu. Kopo lilikuwa shilingi 12,000. Mzee amekwisha kuvua perege wa kwanza.